Sura ya Sita: Gari la Kusimama Ndani

Seremala wa Chake Chake aliyepata kazi ya kufunga milango Wambaa huondoka alfajiri na duka lake zima nyuma ya pikapu: misumeno, randa, jenereta, misumari, makopo ya vanishi, mbao zilizofungwa kamba, na juu ya yote turubali. Mvua ya masika ikimkuta njiani, turubali huziokoa mbao, lakini gundi na mashine za umeme hulowa. Akifika, hushusha kila kitu chini ya mwembe wa mwenye nyumba, kwa sababu kifaa anachokihitaji kwanza ndicho kilicholala chini kabisa. Jioni hupakia upya. Kazi ya siku tatu huwa ya siku nne, na ile ya nne yote imekwenda kwenye kushusha na kupakia.

Fundi huyu hakukosa nguvu za injini. Pikapu yake inavipanda vilima vya kusini mwa Pemba bila taabu. Alichokosa ni chumba: sakafu kavu, kuta za kutundikia zana, na paa linalomruhusu kusimama wima, akanyoosha mkono na kuchukua bisibisi bila kugusa kitu kingine. Chumba cha namna hiyo kipo, na watu wa Ulaya wamekuwa wakikijenga juu ya magurudumu kwa zaidi ya miaka sabini. Ni ile vani ndefu ya dizeli yenye paa la juu, ambayo kwao hubeba fundi bomba, mwoka mikate, mpeleka vifurushi, na siku za likizo hugeuka nyumba ya kulala. Ninaamini Pemba inakihitaji chumba hicho kuliko inavyolihitaji gari lenyewe, na kwamba mambo hayo mawili yakichanganywa mtu huishia kununua chuma kitakachomlaza njiani.

Wafaransa walianza na mahitaji ya mkulima na mwenye duka dogo. Mwaka 1947 kampuni ya Citroën ilionyesha jijini Paris gari la Type H, ambalo injini yake ilikaa mbele na kuzungusha magurudumu ya mbele. Kwa hiyo hapakuwa na shafti inayopita chini ya sakafu kwenda kwenye difu ya nyuma. Sakafu ikashushwa karibu na ardhi, paa likaachwa juu, na mtu mzima akaweza kusimama ndani. Bodi lake lilikuwa la bati la mikunjo, mbinu iliyokwisha kutumika katika ndege za Junkers, ili bati jembamba lipate ukakamavu bila kuongezewa uzito. Gari hilo liliendelea kutengenezwa hadi 1981, na katika masoko ya Ulaya bado utaliona limegeuzwa jiko la kuuzia chakula, mpishi amesimama wima ndani yake.

Mwaka huohuo wa 1947, Mholanzi Ben Pon alichora kwenye daftari lake gari la sanduku: dereva mbele kabisa, injini nyuma, mzigo katikati. Volkswagen walianza kulitengeneza Machi 1950, na ndilo gari ambalo Afrika Mashariki tulilijua kwa jina la Kombi. Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1951, pale kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilipobuni sanduku la mbao la kuwekwa ndani ya gari hilo, lenye kitanda cha kukunjua, kabati na mahali pa jiko. Sanduku lile lilikuwa la kutoa na kurudisha. Ujerumani ilikuwa bado inajijenga baada ya vita, na mwenye gari hakuwa na uwezo wa kumiliki magari mawili. Siku za kazi alibeba rangi na saruji, na mwisho wa juma aliliingiza sanduku, akawapakia mkewe na watoto, wakaenda ziwani. Magari ya kulala ya kifahari yanayouzwa leo kwa bei ya nyumba yametoka kwenye sanduku hilo, ingawa mengi yamesahau sifa yake kubwa: lilikuwa linatoka.

Baadaye mambo yalikwenda kasi. Ford walitoa Transit mwaka 1965, nayo ikawa gari la kila fundi wa Uingereza. Fiat walianza Ducato mwaka 1981 katika kiwanda cha Atessa, Italia. Mercedes-Benz walileta Sprinter mwaka 1995. Kati ya hizo, Ducato ndiyo iliyopendwa mno na wajenzi wa nyumba za magurudumu, na sababu yake ni ya rula tu. Katika umbo lake la sasa, ndani ina upana wa karibu mita 1.87 na kuta zake zimesimama wima kuliko za wenzake. Mtu wa kimo cha kawaida anaweza kulala kwa kukingama, kichwa kwenye ukuta mmoja na miguu kwenye mwingine. Kitanda kikikingamishwa huokoa zaidi ya nusu mita ya urefu, na nusu mita ndani ya gari hutosha kuweka jiko au benchi la kazi. Paa la kati la Ducato lina kimo cha mita 1.93 ndani, na la juu zaidi hufika mita 2.17.

Basi kwa nini magari haya yamejaa Accra na Kinshasa lakini hayakujaa Dar es Salaam wala Mkoani?

Jibu limo kwenye usukani. Ghana na Kongo huendesha upande wa kulia kama Ujerumani na Ufaransa, kwa hiyo vani kuukuu ya Mercedes ilishushwa bandarini ikaingia barabarani moja kwa moja. Mafundi wa Ghana walizichukua vani za mizigo, wakazikata madirisha ubavuni, wakachomelea viti, zikawa trotro za abiria. Kinshasa waliigeuza Mercedes 207 vivyo hivyo, na ajali zake zikaipa jina la kutisha la Esprit de mort, yaani roho ya mauti. Sisi wa Tanzania, Zanzibar, Kenya na Uganda tulirithi kwa Waingereza mwendo wa kushoto na usukani wa kulia, na nchi kubwa inayouza magari yaliyotumika yenye usukani huo ni Japani. Ndiyo maana chumba chetu cha magurudumu kilikuwa Toyota HiAce, gari lililoanza mwaka 1967, na ndugu yake Nissan Caravan, ambayo nchini Kenya ilitawala biashara ya matatu hadi abiria wakaiita Nissan tu. Serikali ya Kenya ilipoweka masharti ya mikanda na vidhibiti mwendo mwaka 2004, chini ya waziri John Michuki, gari lililokuwa akilini mwa kila mtu lilikuwa hilo la abiria 14.

Hata ndugu zetu wa Muscat, ambao wangependa kuwatumia jamaa zao wa Pemba gari la kazi, hukwama hapo. Oman huendesha kulia. Vani ya usukani wa kushoto ikiletwa Zanzibar si dereva peke yake atakayetaabika wakati wa kulipita gari jingine. Mlango wa ubavuni utafunguka upande wa katikati ya barabara, na mtoto atakayeshuka atashukia kwenye magari yanayopita. Dubai wana soko kubwa la kuuza tena magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia, lakini hapo tumekwisha kurudi kwenye HiAce.

Na HiAce haina aibu yoyote. Wabunifu wake waliiweka injini chini ya viti vya mbele, hivyo karibu urefu wote wa gari ni wa mzigo, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Ile ndefu ya paa la juu iliyotoka mwaka 2004 ina urefu wa mita 5.38, kama Ducato ya urefu wa kati. Tofauti imo ndani. Kwenye HiAce hiyo, sakafu hadi dari ni kiasi cha mita 1.63. Mtu wa kimo cha mita 1.70 atafanya kazi ameinamisha shingo, na shingo ikiinama saa nane kwa siku, mwaka haupiti kabla mgongo haujalalamika. Tofauti ya sentimita thelathini inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa fundi umeme, muuguzi wa chanjo au bwana mifugo anayehudumia vijiji, ndiyo inayotenganisha gari la kubebea vitu na mahali pa kufanyia kazi.

Tumekuwa tukipokea magari kwa mkondo ambao hatuuongozi. Oktoba 2003 jiji la Tokyo lilipiga marufuku dizeli zenye moshi kupita kiwango kilichowekwa, na magari mengi ya aina hiyo yakatafuta wanunuzi ng'ambo. Sasa London inafanya jambo linalofanana. Eneo la tozo ya hewa chafu lilianza katikati ya jiji Aprili 2019, likapanuliwa Oktoba 2021, na tangu 29 Agosti 2023 linafunika mitaa yote ya London. Vani ya dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 hulipa kila siku inapotembea humo. Fundi wa kizungu mwenye Transit ya mwaka 2008 iliyo nzima kabisa huona heri aiuze kwa bei ya hasara. Na London kuna Wazanzibari wengi, Wapemba wakiwemo, wanaoziona bei hizo na kufikiria nyumbani.

Usukani uko kulia, mlango wa ubavuni unafunguka kushoto, paa liko juu. Mtu huona karibu kila kitu kimekaa sawa. Kabla hajatuma fedha, kuna mambo ninayotaka ayapime kwa makini, na ninayasema kwa kirefu kwa sababu fedha hizo mara nyingi ni akiba ya ukoo mzima.

La kwanza ni dizeli yenyewe. Ulaya ilishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2005, kisha hadi sehemu 10 mwaka 2009. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zilichukua kiwango cha sehemu 50 Januari 2015. Kwa hiyo mafuta yetu yanalingana na yale yaliyokusudiwa injini za Euro 4, za kati ya 2005 na 2010 hivi, na hayalingani na yale ya Euro 5 na Euro 6. Tokeo lake linashangaza: gari ambalo London inalifukuza ndilo linaloweza kuishi kwa mafuta yetu, na lile inalolipenda litaugua.

Litaugua vipi? Injini mpya ina chujio kwenye eksozi linalokusanya masizi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili joto la kutosha lipatikane gari linatakiwa kwenda mwendo wa kasi mfululizo kwa dakika kumi na tano au zaidi. Kisiwa chetu kina urefu usiofika kilomita sabini, barabara zake zina kona na vilima, na kazi za kijijini ni za kwenda kidogo na kusimama. Masizi hayachomeki, chujio huziba, taa ya njano huwaka, kompyuta huipunguzia injini nguvu, na gari hutambaa. Vani nyingi za Euro 6 zina pia tangi la AdBlue, maji ya urea yenye kipimo cha asilimia 32.5, ambayo hupuliziwa kwenye moshi kuua gesi za oksidi za nitrojeni. Maji hayo yakiisha, injini ikizimwa haiwaki tena hadi yaongezwe, na joto la mfululizo kama letu huyaharibu yakikaa ghalani muda mrefu. Anayetaka vani ya Euro 6 Wambaa amtafute kwanza mtu atakayemletea AdBlue Mkoani mwaka mzima, ndipo alitafute gari.

Nozeli nazo zinadai usafi. Sprinter ilipata mwaka 2000 mfumo wa bomba moja la shinikizo kubwa, linalosukuma dizeli kwa nguvu inayopita bar 1,300. Tone la maji au mchanga mwembamba kutoka kwenye dumu huzikwangua nozeli hizo, na seti moja ya nozeli mpya inaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya gari. Injini kongwe ya 3L ya HiAce, ya sentimita za ujazo 2,779, isiyo na turbo na yenye pampu ya kimakanika, ilivumilia dizeli za madumu kwa miaka mingi, na mafundi wa Chake Chake wanaweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta. Lakini tusijidanganye kwamba kila HiAce ni hiyo. Nyingi kati ya zile za dizeli zilizotoka kuanzia 2004 zina mfumo uleule wa shinikizo kubwa. Kwa gari lolote la namna hii, filta ya ziada yenye kikombe cha kutenga maji ni matumizi ya lazima, na dizeli inunuliwe kituoni.

Moshi wa dizeli kongwe nao una haki ya kutajwa. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha moshi huo mwaka 2012 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mapafu ya watoto wa Wambaa hayana uvumilivu zaidi kuliko mapafu ya watoto wa London. Mwenye Euro 4 anao wajibu wa kubadilisha filta ya hewa kwa wakati, kutunza nozeli, na kutoiacha injini ikinguruma mbele ya skuli au mlangoni mwa msikiti.

Kisha kuna swali la magurudumu gani yanasukuma. Ile sakafu ya chini ya Wafaransa, ambayo Ducato imeirithi, hupatikana kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Kwenye lami ya Ulaya haina dosari. Lakini pakia magunia nyuma ya ekseli ya nyuma, kisha panda kilima cha udongo mwekundu uliolowa: uzito wote unarudi nyuma, pua inakuwa nyepesi, na matairi ya mbele yanazunguka bure huku gari likiteleza kuelekea mtaroni. Yeyote aliyewahi kuona njia za ndani za wilaya ya Mkoani mwezi wa Aprili anaelewa. Transit tangu mwaka 2000 imeuzwa kwa namna zote mbili, ya kuvuta mbele na ya kusukuma nyuma, na tangazo la kuuza mara nyingi halisemi ni ipi. Anayenunua akiwa mbali aombe picha ya chini ya gari, aione difu kwa macho yake. Sprinter hadi 2018 zote zilisukuma kwa nyuma au kwa magurudumu yote manne.

Kutu ndiyo inayoumiza polepole. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili zisigande barafu, na chumvi hiyo hujificha ndani ya fremu za milango, juu ya matairi na kwenye sehemu za kutegea jeki. Sprinter za kizazi cha kwanza zilijulikana Ulaya nzima kwa kutu. Gari lililokwisha kuliwa hivyo likiletwa Wambaa, pwani ya magharibi inayotazamana na kisiwa cha Misali, linapokea chumvi ya pili kutoka baharini kila usiku. Bati likishatoboka kwa ndani, rangi mpya ya nje ni kificho tu. Bora paa lenye mikwaruzo na chesisi kavu kuliko bodi linalong'aa ambalo chini yake limepakwa lami mpya jana.

Usafirishaji wenyewe una vipimo vyake. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha mita 2.28, na wa kontena refu mita 2.58. Ducato ya paa la kati, yenye kimo cha nje cha mita 2.52, hupenya kwenye lile refu kwa tabu. Sprinter ya paa la juu haipenyi kabisa, hivyo husafiri kwa meli ya magari hadi bara, kisha ikavushwa hadi Unguja na Mkoani. Kila hatua ina ada yake, na ushuru huongezeka kwa gari lililozeeka. Hesabu hiyo ifanyike yote kwa maandishi kabla mjomba aliyeko London hajaweka amana. Mara nyingi ikikamilika, HiAce inashinda kwa bei, na spea zake ziko Unguja na Chake Chake, hazisubiri ndege.

Ndiyo maana nasema chumba kwanza. Mtu akiisha kujua anataka chumba, anaweza kukipata kwa njia nyingi. Mafundi wa Nairobi walithibitisha zamani: walizikata HiAce na Nissan mapaa, wakaunda mapaa ya kunyanyuka ili watalii wasimame kutazama simba. Anayeweza kufanya hivyo kwa ajili ya simba anaweza kuinua paa la HiAce kwa sentimita thelathini kwa ajili ya fundi bomba, mradi mbavu za chuma za paa la zamani zirudishwe kwenye paa jipya na kazi ikaguliwe, maana paa ni sehemu ya nguvu ya bodi. Na gari likipanda juu, dereva akumbuke nyaya za umeme zinazokatiza njia za vijijini na matawi ya miembe. Mita mbili na nusu ni kimo ambacho njia nyingi za mashamba hazikuwahi kukitarajia.

Chumba hicho kinafaa kwa mzigo gani? Kwa ule unaojaza nafasi bila kuwa mzito. Gari la tani 3.5 kwa jumla, likitolewa uzito wake lenyewe, hubakiwa na tani moja na kidogo tu ya mzigo. Mchanga, matofali na saruji viachiwe Canter, na mizigo midogo ya sokoni iachiwe kirikuu. Lakini tazama mwani. Ulimaji wake Zanzibar ulianza mwaka 1989 na umekuwa zaidi mikononi mwa wanawake, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa. Mwani mkavu ni mwepesi, magunia yake ni makubwa, na mvua ya ghafla ikiupata juu ya pikapu iliyo wazi kazi ya siku kadhaa za jua inarudi nyuma. Paa la juu na milango inayofungwa ni ghala linalotembea. Magodoro, viti vya harusi, mikate, vyandarua vya zahanati, vifaa vya skuli, vyote ni vya namna hiyo. Karafuu nazo hufaa, lakini zikiwa zimekauka sawasawa. Zilizo nusu mbichi zikifungiwa kwenye bati lenye joto zitavunda kabla ya kufika mzanini.

Na kulala? Wapo wanaodhani kulala garini ni anasa ya wazungu waliochoka na nyumba zao. Mpemba ana dago. Wavuvi wa kisiwa hiki wamekuwa wakihamia palipo na samaki kwa wiki au miezi, wakipiga kambi Misali, au wakivuka msimu wa kaskazi hadi Shimoni, Gasi na Malindi nchini Kenya, wakilala pwani karibu na vyombo vyao hadi msimu uishe. Wachumaji wa karafuu nao hukaa kambini shambani. Kulala palipo na kazi ni desturi yetu ya zamani, na vani iliyotengenezwa vizuri ni dago la magurudumu: fundi wa Chake Chake mwenye kazi ya siku nne Wambaa halazimiki kulipia mafuta ya kurudi kila jioni, wala kumsumbua mwenye nyumba kwa chumba na godoro.

Hapo ndipo sanduku la Westfalia linapofaa kuigwa, tena na maseremala wetu wenyewe. Kitanda, kabati na benchi viundwe kama kipande kimoja kinachokaa juu ya sakafu ya plaiwudi, kikafungwa kwa boliti kwenye mbavu za gari, kisipigiliwe misumari kwenye bati. Siku ya mwani kinafunguliwa na kuachwa nyumbani. Boliti zishike chuma cha chesisi na ziwe na washa pana, kwa sababu kabati la kilo themanini likichomoka wakati wa breki ya ghafla humfuata dereva mgongoni. Kila tundu lililotobolewa lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Joto ndilo adui mkubwa wa usiku. Ulaya hujaza sufi na povu ukutani ili joto lisitoke. Sisi tunajaza ili lisiingie, na kazi zaidi iko kwenye paa kuliko ubavuni. Rangi nyeupe juu, tabaka la povu chini yake, ubao mwembamba ndani, kisha tundu la hewa darini lenye kifuniko cha mvua. Hewa moto hupanda, na paa la juu huipa mahali pa kupandia juu ya kichwa cha aliyelala. Miezi ya kusi gari liegeshwe ubavu wenye mlango ukielekea kusini, na miezi ya kaskazi ligeuzwe. Milango miwili iachwe wazi, yote ikiwa na chandarua kilichobanwa kwa utepe wa kunata, maana mbu wa mikoko hupita penye upenyo wowote. Betri ya pili ya taa na feni itenganishwe na betri ya kuwashia injini, au asubuhi gari litasukumwa.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata mvua ikinyesha na hata milango ikiwa wazi. Gesi yake haina harufu wala moshi wa kuonekana, na ndani ya sanduku la bati humuua mtu usingizini. Uji na chai vipikwe nje chini ya turubali lililofungwa kwenye mlango wa nyuma, na majivu yamwagiwe maji kabla jiko halijarudishwa garini.